Kibao Kirefu cha Amira

Ibadakuli, Shinyanga
19 Januari 2025

Wifi yangu Loveness,

Habari za Geita, na habari za kazi mpya ya maabara? Sisi huku hatujambo. Kaka yako Makoye anakusalimu, na Ndaki anamuulizia shangazi yake kila basi likipita. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanijibu kwa vile vikatuni vinavyocheka, nami sitaki kuchekewa na katuni. Nimeikunja ndani ya mfuko wa michembe, vile viazi vitamu nilivyokausha mwenyewe, na kondakta ameahidi kukukabidhi mkononi.

Humo kwenye mfuko utakuta kibao chako cha pikoboli, cha kupigia ule mpira wetu wa plastiki wenye matundu. Ulikiacha juu ya kabati. Nilishangaa kidogo. Mtu anayehama anaweza kusahau sufuria, lakini kibao alichokuwa anakishika kila jioni?

Tangu uondoke sina wa kucheza naye, basi nimechukua vibao vyote alivyotuachia yule daktari mgeni aliyetufundisha mchezo huu nikawa navijaribu ukutani, kimoja baada ya kingine. Sasa nimevijua kama ninavyowajua wanafunzi wangu. Kile kirefu chembamba kinakuongezea mkono. Ukisimama nyuma unatwanga mpira mpaka unalia. Lakini mahali pake pa kupigia ni padogo, ukikosea kidogo mpira unakwenda kwa majirani, na kinataka mtu mwenye kifundo cha mkono kigumu, kwa sababu uzito wote uko kichwani. Kile kipana kifupi kinasamehe makosa. Hicho ni cha mtu wa jikoni, pale mbele karibu na wavu, anayedonoa mpira taratibu mpaka aliye ng'ambo akose subira. Kile cha kati, kwa maoni yangu, ni cha mtu ambaye bado hajajijua.

Mimi na wewe ni watu wa kipana. Ndivyo tulivyowafunga wale walimu wa Kahama, tumebanana jikoni bega kwa bega kama tunamenya viazi.

Mwalimu mwenzangu Bernadina ameomba acheze nami. Nimemwambia nafasi hiyo ina mwenyewe.

Nimesikia Mwanza wanaandaa mashindano ya wawili wawili mwezi wa tano. Sisemi kitu. Nasema nimesikia tu.

Wifi yako,
Eufrasia, Mama Ndaki


Geita
2 Februari 2025

Wifi Eufrasia,

Wabeja sana kwa michembe. Nimekula nusu yake nikiwa bado nimesimama mlangoni.

Kazi ni nyingi. Wachimbaji wanakuja kupimwa wakiwa na vumbi la duarani, huko kwenye mashimo ya dhahabu, mpaka kwenye kope, na kila mmoja ana haraka, anadhani mwamba utahama asipokuwepo. Lakini jioni kuna mchezo. Nyuma ya nyumba moja ya wageni wamepiga chokaa uwanja mzuri kuliko wetu, na kuna watu wa kila aina: wahasibu, wauza madini, mama mmoja mwenye duka la dawa.

Ninacheza na dada mmoja anaitwa Amira. Baba yake, Mzee Hamza, anawauzia wachimbaji pampu na mipira ya maji, na Amira ndiye anayekaa dukani. Ni mtu wa kucheka sana. Yeye ndiye aliyeniambia, siku ya kwanza tu, kwamba mtu mwenye mikono mirefu kama yangu anajinyima kwa kutumia kibao kipana. Akaniazima kirefu cha kaka yake. Wifi, nilirudi nyuma ya uwanja, nikatwanga, nikajiona kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nimeshanunua changu. Nadhani tulikuwa tunakaa wote wawili jikoni kwa sababu wewe unapapenda.

Usikasirike. Nakwambia kama ninavyojisikia.

Sasa naomba msaada wako. Amira naye anataka kubadilisha kibao. Alichonacho kimechakaa, kinatoa sauti kama debe. Yeye ni mfupi, mikono yake ni myepesi, anapenda kukaa karibu na wavu, na kifundo cha mkono wake wa kulia kiliwahi kuteguka alipoanguka na pikipiki. Kaka yake anakwenda Dar es Salaam, atamnunulia. Nimemwambia hakuna anayevijua vibao kama wifi yangu, na kwamba ukishasema wewe, basi. Anunue cha namna gani?

Kuhusu Mwanza tutaongea.

Msalimie kaka, na umbusu Ndaki.

Loveness


Ibadakuli
6 Februari 2025

Loveness,

Barua yako nimeipata jana na nimeisoma mara kadhaa.

Sijakasirika. Kama umejisikia umefunguliwa kamba, ni vizuri. Mimi sikujua kwamba nilikuwa nimekufunga. Nilidhani tulikuwa tunacheza.

Huyo Amira ana umri gani? Ameolewa? Umeandika kwamba anacheka sana lakini hukuandika anachekea nini. Na hiyo siku ya kwanza, alikuwa amekuona ukicheza kwa muda gani hata akajua kwamba unajinyima? Mimi nilikaa na wewe nyumba moja, tukala sahani moja, na sikuwahi kuipima mikono yako.

Umeomba ushauri. Mwambie anunue kirefu. Mtu mfupi ndiye anayehitaji kuongezewa mkono, si mtu mrefu. Achague kizito, chenye uzito kichwani, ili kifundo chake kipate mazoezi na kuimarika. Mpini nao uwe mrefu. Kipana kitamlemaza.

Hayo ndiyo maoni yangu, na kama ulivyomwambia, nikishasema mimi, basi.

Kibao chako nilichokutumia, kama hukihitaji, kirudishe. Usimpe mtu.

Eufrasia


Geita
9 Machi 2025

Wifi yangu,

Umekuwa kimya. Nimepiga simu, kaka anasema umelala, mara uko shule, mara uko kanisani. Basi naandika.

Amira amepata kibao chake. Ni kirefu na kizito vilevile kama ulivyosema. Alifurahi, akakilaza kwenye kaunta ya duka ili kila mteja akione. Wachimbaji wanamuuliza kama ni cha kupepetea mchanga. Bado hajakizoea, mipira mingi inampita pale mbele, lakini anasema, "Wifi yako amesema, ngoja nivumilie." Anajituma sana.

Kuna jambo ambalo afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine. Mwanza nimejiandikisha na Amira. Nafasi zilikuwa zinafungwa. Najua utaumia, na mimi sikulala vizuri siku hiyo. Lakini uamuzi haukuwa wangu peke yangu, na sitaki kuandika zaidi ya hapo kwa sababu sitaki kuwagombanisha watu.

Kile kibao ulichonitumia, maana naona sasa wewe unakiita changu na mimi nakiita chako, kipo salama. Hakuna aliyekigusa.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Loveness


Geita
23 Machi 2025

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Hunijui kwa sura. Mimi ni Amira Hamza, ninayecheza na wifi yako. Samahani kwa kukuandikia bila kutambulishwa. Namba ya simu yako sina, na nikimuomba dada Loveness atauliza sababu, na sababu ndiyo ninayotaka kumficha.

Nilinunua kibao kama ulivyonielekeza. Nakushukuru kwa muda wako. Lakini naona kuna kitu ninakosea na sijui ni kipi. Mpira ukija kasi pale karibu na wavu, kibao kinachelewa kugeuka. Nikiupata unagonga pembeni. Na tangu wiki iliyopita kifundo kinavimba usiku, asubuhi siwezi kuinua birika. Sasa tuko kwenye mfungo, na mama anadhani nimedhoofika kwa sababu ya kufunga. Nimemwachia afikiri hivyo.

Je, ninakishika vibaya? Au kuna mazoezi ambayo ulikusudia niyafanye kwanza? Nieleze, nitafuata.

Sijamwambia dada Loveness kwa sababu naogopa ataona sifai kwa Mwanza. Kila nikikosa mpira wa mbele, anasema, bila hata kujua kwamba anasema, "Huo Eufrasia angeupata." Kila siku, dada. Eufrasia angeudonoa. Eufrasia angengoja. Nikukirie kitu: kabla hujanishauri nilikuwa sikupendi. Nilijiuliza, huyu mtu ni wa namna gani ambaye hata akiwa Shinyanga anasimama kati yangu na mwenzangu? Ulipojibu kwa moyo mweupe na kunichagulia kibao, nikaona aibu.

Allah akulipe kheri.

Amira


Ibadakuli
26 Machi 2025

Amira,

Marahaba. Pole kwa mkono, na nakutakia mfungo mwema.

Hukishiki vibaya. Hukosei chochote. Acha kukitumia kibao hicho leo. Usivumilie hata jioni moja zaidi. Mtu mfupi mwenye mikono myepesi, anayekaa mbele, aliyeumia kifundo, anatakiwa kushika kibao kipana, chepesi, chenye mpini mfupi. Mtoto aliyeanza kucheza jana angeweza kukuambia hivyo.

Nililijua hilo nilipoandika. Si kwamba nilikosea.

Kwa mfuko huu nakutumia kibao changu ninachochezea. Ni kipana, uzito umekaa karibu na mkono, na mpini nimeuzungushia utepe mpya jana. Kilale na wewe siku mbili tatu kabla hujapigia mpira, ili mkono ukizoee. Hicho kirefu mpe Loveness. Kwake kitafaa kuliko kwako.

Nenda hospitali ukapigwe picha ya mkono. Mwonyeshe Loveness barua hii. Usinifichie.

Sikuwa na moyo mweupe. Sikuombi unipende. Nakuomba upone.

Eufrasia


Geita
5 Aprili 2025

Eufrasia,

Amira amenisomea barua yako dukani, mbele ya mzee Hamza, kwa sauti. Alipofika pale uliposema ulijua, akairudia sentensi hiyo, akadhani ameisoma vibaya.

Mfupa haukuvunjika. Mishipa imechanika kidogo. Daktari amemfunga, amesema apumzike mpaka mwisho wa mwezi. Mzee Hamza hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Huyo ni ndugu yako?" Nikasema ni mke wa kaka yangu. Akasema, "Haya," akaenda kumhudumia mteja. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Nilikuamini. Nilikusifia kwa mtu ambaye hakujui mpaka akakuamini kuliko anavyouamini mkono wake mwenyewe, nao ulikuwa unamlilia kila usiku.

Sasa nitakuambia nililokuficha. Ulikaa huko unanuna kwa sababu nimekuacha. Mimi nilikuomba wewe kwanza. Kabla ya Krismasi, kabla hata sijamjua Amira vizuri, nilipiga simu nyumbani kukuuliza kama utacheza Mwanza nami. Alipokea Makoye. Akasema, "Mke wangu hawezi, ana kazi na ana mtoto, usimsumbue na mambo hayo." Nikasema basi mwulize mwenyewe. Akasema ameshakuuliza na umekataa. Nikalimeza. Barua yako ya kwanza ilipokuja na hilo neno la "nimesikia tu", nilidhani unajuta na unaona aibu kusema. Ndiyo maana nilisema tutaongea. Sikutaka kumchongea kaka yangu kwa mkewe.

Amira anasema kama mkono hautapona, nikuite wewe uchukue nafasi yake. Amesema hivyo huku analia. Nimemwambia sitacheza na wewe. Nitacheza na Amira hata kama atashika kibao kwa mkono wa kushoto, na mkono wake usipoweza kabisa, nitabaki nyumbani.

Usijibu haraka.

Loveness


Ibadakuli
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Loveness,

Sikujibu haraka.

Umefanya vizuri kukataa. Nilipoanza kusoma kwamba Amira amenitaja, moyo wangu ulirukia pale kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi. Hata baada ya yote niliyofanya. Ujue tu kwamba bado niko hivyo.

Kuhusu kaka yako. Nilimkuta anaosha pikipiki. Nikamuuliza, "Loveness alipiga simu kabla ya Krismasi?"

"Anapiga kila wiki."

"Kuhusu mimi na Mwanza."

Akaendelea kusugua tairi lililokuwa limeshatakata. Akasema, "Nilisahau."

"Hukusahau. Ulimwambia nimekataa."

Akakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Nilidhani atafoka, unamjua. Akasema, "Nyinyi wawili mlipokuwa humu ndani mimi nilikuwa kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Mnakula mnaongea vibao. Mnacheka neno moja na mimi silijui. Nikiingia mnanyamaza, si kwa ubaya, ila mnanyamaza. Loveness alipohama nikasema sasa nimepata mke. Haijapita hata miezi miwili anapiga simu, anakutaka tena."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba namwonea wivu dada yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mpaka usiku. Hasira ikakataa kuja. Nilimtazama amekaa kwenye ndoo, maji machafu yanapita chini ya miguu yake, nikaona kwamba mimi nina barua niliyoituma Geita na yeye ana simu aliyonificha, na hakuna kati yetu wa kumhukumu mwenzake. Tulikaa hapo. Baadaye akaniuliza, "Huyo dada mkono wake unaendeleaje?" Hakuwa amewahi kuulizia chochote cha mchezo.

Nimeanza kucheza na Bernadina. Anachezea kibao cha kati, na kinamfaa. Nilisema vibaya kwamba ni cha mtu asiyejijua. Anaweza kurudi nyuma na kuja mbele bila kuniuliza.

Nimemwandikia mzee Hamza barua yake peke yake. Sitarajii jibu.

Eufrasia


Geita
1 Juni 2025

Mama Ndaki,

Tumerudi kutoka Mwanza jana. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine.

Amira alicheza. Alifunga mkono kwa bandeji ya mpira na akashika kibao chako. Mchezo wa kwanza tulicheza na wasichana wawili wa chuo, wana mbio, wanapiga kelele kila wakipata pointi. Mimi nilikaa nyuma na kirefu, nikitwanga. Amira akakaa jikoni. Wifi, sijui niseme nini. Wale wasichana walikuwa wanampigia mpira kifuani, naye anauweka tu kibao mbele, mpira unaanguka ng'ambo ya wavu kama yai linalowekwa kwenye majani. Waliudhika mpaka wakaanza kupiga nje. Tulishinda. Wa pili tukashinda kwa shida. Wa tatu tulikutana na mama na binti yake kutoka Bukoba, wakatufundisha adabu, tukatoka.

Amira alikaa kwenye benchi akafungua bandeji, akaniambia, "Mwenye kibao hiki alikuwa anakipenda." Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Nimekasirika naye, lakini mkono wangu haujakasirika naye." Kisha akacheka, na sasa nakujibu swali lako la mwezi wa pili: anachekea mambo kama hayo.

Mimi sijakusamehe. Nasema kweli, kwa sababu ukiniona nacheka unaweza kudhani yamekwisha. Yatakwisha, lakini si kwa barua. Mwisho wa mwezi huu nina likizo fupi, nakuja nyumbani, na Amira amesema atakuja nami. Ameruhusiwa na mzee wake, ambaye barua yako aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Tutacheza. Lakini sitasimama upande wako. Nataka nisimame ng'ambo ya wavu na Amira, nikutwange kwanza, halafu tutaongea. Na mwenzako asiwe Bernadina. Mlete Makoye. Yeye pia nina mpira wake.

Loveness


Ibadakuli
8 Juni 2025

Wifi yangu,

Njooni. Chumba chako nimekifagia, na kitanda cha pili tumeazima kwa jirani.

Makoye alicheka nilipomsomea kwamba una mpira wake, kisha akaacha kucheka. Tumekuwa tukifanya mazoezi jioni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibao kirefu, akasema kipana kinafanana na kikaango. Nilimwambia mikono yake ni mirefu, ndiyo, lakini hana subira, na mtu asiye na subira akipewa kirefu atapiga kila mpira kama anaua nyoka. Achukue kipana, ajifunze kungoja. Akaniangalia, akauliza, "Unanishauri, au unanishauri kama ulivyomshauri yule?" Nikamwambia amuulize Bernadina. Akaenda kuuliza kweli. Akarudi, akachukua kipana.

Hachezi vizuri. Ananigonga na kiwiko, anauchukua mpira wangu, kisha anaomba radhi mpira mwingine ukiwa tayari unakuja. Lakini juzi tulipata pointi moja ndefu, ya kudonoa mpaka mwisho, na akageuka kunitazama kama alivyokuwa ananitazama kabla hatujaoana.

Mwambie Amira sitampigia mipira myepesi kwa sababu ya mkono wake. Naye asinipigie myepesi kwa sababu ya kunionea huruma.

Bado nina wivu, Loveness. Nimeona niseme kabla hamjafika, ili nisije nikautafutia jina lingine. Siku hiyo mtashuka wote wawili kutoka kwenye basi, mtaingia uwanjani, nawe utamwambia neno, naye atacheka, na mimi nitakuwa ng'ambo. Kwa mchezo nimejiandaa kidogo. Kwa hilo ninajiandaa kila siku.

Eufrasia